Dondoo za Mimea Pori: Kipimo Kinalaumiwa Bure

Dondoo ya mmea wa porini, yaani kemikali zilizovutwa kutoka kwenye mmea huo, ikitangazwa kuwa na nguvu kubwa ya antioksidanti (uwezo wa kuzuia uharibifu wa oksijeni), wako wanaoahidi papo hapo tiba ya saratani, na wako wanaosema kipimo cha maabara kilichoonyesha nguvu hiyo, kiitwacho DPPH, hakina maana. Hawa wa pili wana hoja nzito. Katika utafiti wa Finland uliotolewa mwaka 1994, ukihusisha wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, waliopewa vidonge vya beta-karotini waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Mwaka 2012 Idara ya Kilimo ya Marekani nayo iliondoa mtandaoni jedwali lake la nguvu za antioksidanti, maana wauzaji walikuwa wakilitumia vibaya.

Kuhusu tiba, basi, hawa wanaokipinga kipimo wamesema kweli. Ila wanakitupa kipimo kwa kosa la waliokitangaza.

Kipimo cha DPPH ni kimiminika cha zambarau ambacho, kikitiwa dondoo, hufifia kuelekea manjano. Hakina damu wala ini ndani yake. Kinaonyesha jambo moja tu: fenoli, kundi la kemikali za mmea, zinaweza kuzima radikali huru, yaani molekuli zisizotulia zinazonyang'anya nyingine. Na kazi hiyo ndiyo inayotakiwa ndani ya chupa ya mafuta. Asidi ya linoleniki, asidi ya mafuta ambayo majani mengi ya porini yanayo, ina vifungo maradufu vitatu kati ya kaboni zake, na hidrojeni iliyo kati ya vifungo hivyo hung'oka upesi. Oksijeni ikiingia, radikali mpya huzaliwa, nayo huinyang'anya molekuli ya jirani hidrojeni yake, na hiyo ya jirani hufanya vivyo hivyo, mpaka mafuta yote yanachacha. Fenoli huikata safari hiyo njiani. Si nadharia tupu: mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dondoo ya rozmari kuhifadhi vyakula, kwa namba E 392.

Lakini maabara hutumia viyeyusho viwili tofauti: heksani huvuta mafuta ya mmea, methanoli huvuta fenoli. Ripoti nyingi huweka asidi za mafuta jedwali moja na antioksidanti jingine, kana kwamba ni mimea miwili. Tena fenoli iliyong'ara ndani ya methanoli yaweza kushindwa kabisa ndani ya mafuta. Watafiti waitie dondoo kwenye mafuta yenyewe, wayaweke kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi, na wapime peroksaidi, yaani zao la mwanzo la mafuta kuchacha, siku baada ya siku.