Sio kila jaribio ni kufanywa panya

Kuna makala nimesoma inahimiza wenye kisukari ambao figo zimeanza kuchoka wajiunge na majaribio ya dawa, na najua wengi mtasema tunafanywa panya. Mimi mamangu anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, nauli tu inatumaliza, kwa hiyo hili linanigusa. Chukueni lile jaribio la CREDENCE lililotoka 2019, watu 4,401 wenye kisukari na figo zilizoanza kuchoka, wote walibaki kwenye dawa zao za presha zinazolinda figo, nusu wakaongezewa canagliflozin, dawa ya kisukari, na nusu wakapewa kidonge kisicho na kitu, hakuna aliyeachwa hivihivi. Wakalisimamisha mapema sababu dawa ilishaonekana inafanya kazi, hatari ya figo kufa na mengine waliyokuwa wanahesabu ilishuka asilimia 30. Sasa kinachoniuma, watu weusi humo walikuwa kama 5 tu kwa kila 100!! halafu dawa ikija tunauliza inatufaa sisi kweli? Ila kabla ya kusaini omba karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, uliza ukiumia nani analipa, na jaribio likiisha dawa utaendelea kupata au ndo basi. Na mkapime protini kwenye mkojo jamani, ndo inaonyesha figo zimeanza kuumia, mama hakuwahi kupimwa hata siku moja mpaka miguu ikavimba