Namshukuru Mungu kwa mama yangu

Kuna mwandishi anasema Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kumshukuru Mungu, imebaki siku ya bata mzinga na kukimbilia maduka. Kwetu sivyo. Nilizaliwa Fizi, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, miaka 17, na sikukuu hii ya kwanza ilitukuta tuna wiki tatu tu hapa Des Moines, Marekani. Jirani yetu, bibi mmoja Mmarekani, alibisha hodi na sinia la nyama na viazi. Hatukuelewana hata neno. Mama akamshika mikono yote miwili, basi.

Mwaka huu namshukuru Mungu kwa mama huyo huyo. Mwezi wa tatu alipasuliwa moyo. Kabla ya hapo hata ngazi zilimshinda. Leo asubuhi nimemsikia jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku akiimba. Anatwanga, jamani! Nawashukuru pia wauguzi wa zamu ya usiku walioniruhusu nilale kwenye kiti kando yake.

Rais Lincoln wa Marekani alitangaza siku hii mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea nchini humo. Sisi tuliokimbia vita tunaelewa mtu anawezaje kushukuru wakati kama ule.

Yule bibi bado yupo. Kesho anakula ugali na sombe kwetu.