Kiti cha Rubani na Kazi Zilizo Chini ya Bawa

Katika familia nyingi za Uganda, mtoto akifaulu Fizikia na Hisabati hakosi mjomba wa kumtabiria urubani, na wakati mwingine kipande cha ardhi huuzwa ili utabiri huo utimie. Hamu hiyo ilipata nguvu mpya Agosti 2019, Shirika la Ndege la Uganda lililofilisiwa mwaka 2001 liliporejea angani. La kujiuliza ni kama ajira nazo zimeongezeka kwa kasi ya hamu hiyo.

Wanaoitetea njia ya urubani hawasemi ovyo. Uganda haina pwani, kwa hiyo minofu ya sangara na maua yanayokwenda Ulaya hutegemea ndege za mizigo za Entebbe, na watalii wengi huingilia hapo hapo. Chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, humwezesha kijana kujifunza kurusha au kutengeneza ndege bila kuvuka mpaka. Tena leseni hutolewa kwa viwango vya kimataifa, hivyo mwenye leseni ya Uganda anaweza kuomba itambuliwe kwingine.

Ugumu huanza siku ya kumaliza chuo. Leseni ya urubani wa biashara hupatikana kwa saa 200 za kuruka, au 150 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa, lakini leseni ya juu kabisa, ambayo nahodha wa ndege kubwa ya abiria hana budi kuwa nayo, hudai saa 1,500. Pengo hilo halizibwi kwa karo. Mwajiri anataka saa, na saa ziko kwa mwajiri. Ndege ndogo zinazotoka Kajjansi kupeleka watalii Kidepo au Kihihi ndizo ngazi ya kwanza, ila viti vyake ni vichache; nalo shirika la taifa lilijengwa juu ya ndege sita tu, nne za Bombardier CRJ900 na mbili za Airbus A330-800. Zaidi ya hayo, cheti cha afya huhuishwa kila mwaka, na daktari akikataa kukitoa, mapato hukoma siku hiyo hiyo. Mwaka 2020 Entebbe ilipofungwa kwa safari za abiria kuanzia Machi hadi Oktoba, hata wenye afya njema walibaki nyumbani.

Kwa maoni yangu, fundi wa ndege yuko mahali salama zaidi. Ndege hukaguliwa kwa kalenda na kwa saa ilizoruka, iwe imejaa au nusu ya viti ni vitupu. Hata hivyo nisiipambe kazi hii: kwa kawaida mtu hufanya kazi miaka minne, au miwili akiwa amepitia mafunzo yaliyoidhinishwa, kabla ya kupata leseni ya kutia saini kwamba ndege iko tayari kuruka, na mashirika madogo mara nyingi hupeleka matengenezo mazito nje ya nchi. Anayebaki nyumbani hufanya ukaguzi wa kila siku, ambao ni kazi ya heshima lakini haimfikishi haraka kwenye ubingwa wa injini.

Waongoza ndege, wazimamoto wa uwanjani na wapakiaji wa mizigo hawazungumzwi sana kwenye sherehe za ukoo, ingawa uwanja huwahitaji bila kujali ndege iliyotua ni ya nani. Emirates, Ethiopian na Brussels Airlines zote hutua Entebbe, na kila moja huongozwa kutoka mnara ule ule. Kasoro ya mwongoza ndege ni kwamba mwajiri wake nchini ni karibu mmoja tu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo akikosana naye hana mlango wa pili wa kubisha. Uwanja wa Kabalega huko Hoima, uliojengwa kwa sababu ya mafuta, unaongeza nafasi za aina hii kuliko za marubani, kwa kuwa mitambo ya visima inaweza kuletwa na ndege za kukodi zenye marubani wake, lakini mnara na gari la zimamoto havikodiwi pamoja nazo.