Tazama Chini Kabla ya Kutazama Bembea

Wiki hii mama mmoja aliwauliza wazazi wenzake swali la kawaida kabisa: ampeleke wapi mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu akacheze? Majibu yalimiminika. Mpeleke kule kwenye mnara wenye mtelezo wa kuzunguka. Hapana, nenda kule kwenye kamba za kupanda. Mwingine akasema bembea za kwake ndizo kubwa kuliko zote. Karibu kila jibu lilikuja na picha ya kitu kirefu chenye rangi kali. Nilisoma mpaka mwisho nikimtafuta mtu mmoja tu wa kukumbuka kwamba mtoto anayezungumziwa bado anapanda ngazi kwa magoti. Sikumpata.

Limeniudhi, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba ndivyo tunavyofanya siku zote. Tunavisifu viwanja vya kuchezea kwa urefu wa vyuma vyake na wingi wa rangi zake, kisha mzazi wa mtoto mdogo anafunga safari, anafika, na anakuta mahali ambapo mwanawe hawezi kugusa chochote bila kubebwa. Mtoto analia, mzazi anarudi amechoka, na mwishowe wanabaki nyumbani. Ninaamini watoto wengi wadogo hawachezi nje si kwa sababu hakuna uwanja, bali kwa sababu wazazi wao walielekezwa kwenye uwanja usiowafaa.

Swali la kwanza liwe umri, na lisirukwe. Mwongozo wa usalama wa viwanja vya watoto unaotolewa na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani unawagawa watoto katika makundi matatu: miezi 6 hadi 23, miaka 2 hadi 5, na miaka 5 hadi 12. Kwa wale wa kundi la kwanza, kifaa cha kupanda hakitakiwi kuzidi sentimita 80 hivi kutoka chini. Linganisha na ile minara ya kwenye picha. Katika viwango vya Ulaya, vile vya EN 1176, kimo ambacho mtoto anaweza kuanguka kutoka kwenye kifaa kinaruhusiwa kufika hadi mita 3. Hicho ni kipimo cha mtoto mwenye mikono inayoweza kujishika na akili inayoweza kukadiria. Mtoto wa miezi 18 hana hivyo vyote viwili, na wala si kosa lake.

Sasa niseme jambo ninalotaka kila mzazi alishike, hata kama mengine yote atayasahau. Ukifika uwanjani, usianze kutazama bembea wala mtelezo. Tazama chini.

Kuanguka ndiko kunakojeruhi watoto zaidi ya kitu kingine chochote katika viwanja vya kuchezea, na mtoto mdogo ataanguka. Huwezi kulizuia hilo, na wala hupaswi kulizuia kabisa, maana ndivyo anavyojifunza mwili wake. Kinachoamua kama ataamka akilia dakika moja au atapelekwa hospitali ni kile alichoangukia. Zege na lami havina mjadala: kifaa cha kupandia kikiwa juu ya zege, ondoka, hata kama kimepakwa rangi jana. Lakini udongo uliokanyagwa na nyasi ndivyo vinavyotudanganya, kwa sababu vinaonekana laini. Mwongozo niliotaja hauvihesabu kuwa kinga chini ya vifaa vya kupandia, na ukitazama sababu yake utaiona mwenyewe: nyasi hufa palepale watoto wanapotua, chini ya bembea na mwisho wa mtelezo, na kinachobaki ni ardhi iliyoshindiliwa na miguu mpaka ikawa ngumu.

Vitu vinavyokinga kweli ni mchanga, changarawe ndogo za mviringo, vibanzi vya mbao, au sakafu ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hivyo vya kumwagwa vinataka kina, na wanaotengeneza viwanja wanashauriwa kuanza na kama sentimita 30, kwa kuwa vinashuka vikikanyagwa. Kwa hiyo usiridhike kuona mchanga. Zamisha kisigino chako ndani yake, hasa chini ya bembea, mahali ambapo miguu ya watoto huusukuma kando mchana kutwa. Kisigino kikigonga ardhi ngumu mara moja, mchanga huo ni pambo. Tazama pia umefika wapi: ardhi laini inatakiwa kuenea karibu mita 2 kila upande wa kifaa, na mbele na nyuma ya bembea zaidi ya hapo, kwa kuwa mtoto anayeruka kutoka kwenye bembea hatui chini yake. Nimeona viwanja vyenye kisanduku kidogo cha mchanga katikati na ukingo wa saruji umekizunguka hatua moja tu kutoka kwenye ngazi. Aliyechora uwanja wa namna hiyo alifikiria usafi wa mchanga. Kichwa cha mtoto hakukifikiria.

Sakafu ya mpira nayo ina maswali yake. Ulaya huipima kwa kiwango cha EN 1177: umbo la kichwa lenye vipimo ndani yake hudondoshwa kutoka kimo mbalimbali ili kujua ni kimo gani ambacho sakafu hiyo bado inakinga. Maana yake ni kwamba unene wake lazima uendane na urefu wa kifaa. Mkeka mwembamba ulioinuka kingo na kuonyesha zege chini yake haukingi mtu. Halafu mpira hushika joto la jua, kama mitelezo ya plastiki na ya chuma. Weka kiganja chako hapo kwanza, ukihesabu polepole. Ngozi ya mtoto wa mwaka mmoja huungua haraka kuliko yako, na mtoto huyo hajui kuondoka haraka akiguswa na joto.

Ukishamaliza chini, inua macho kidogo. Angalia nafasi kati ya vyuma na kati ya vidato vya ngazi. Nafasi ya hatari ni ile ya kati ya sentimita 9 na 23 hivi, kwa sababu mwili wa mtoto unaweza kupita miguu ikitangulia, halafu kichwa kikakwama. Kwa sababu hiyohiyo ya kukwama, mvue mtoto nguo yenye kamba shingoni, na kofia ngumu ya baiskeli ibaki na baiskeli; zote mbili zimewahi kuwanyonga watoto kwenye vifaa vya kuchezea. Bembea za wadogo ziwe na kiti kinachomzunguka mtoto pande zote, zitengwe na za wakubwa, na zisizidi mbili katika fremu moja.

Na mtelezo. Hapa nawasihi wazazi wenye upendo, maana upendo ndio unaoleta ajali hii. Usimpakate mtoto na kuteleza naye. Inaonekana ndiyo njia salama, kumbe kiatu chake kikikwama ukingoni, uzito wako wewe hausimami, na mfupa wa muundi wake unavunjika. Akiwa peke yake, kiatu kikikwama anasimama tu. Kama mtelezo ni mrefu kiasi kwamba hawezi kushuka bila wewe, huo si wa kwake bado. Simama pembeni, mshike mkono, au mwache acheze na mchanga.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wale wanaosifu minara wana hoja. Watoto wa miaka 7 wanaihitaji kweli, na familia yenye mkubwa na mdogo haiwezi kujigawa. Nakubali pia kwamba uwanja uliofanywa salama mpaka ukapoteza kila changamoto humchosha mtoto, na mtoto aliyechoka na uwanja huenda kutafuta hatari mahali pabaya zaidi. Mwaka 1943, Emdrup, pembeni mwa Copenhagen huko Denmark, mbunifu wa bustani Carl Theodor Sørensen aliwapa watoto uwanja uliojaa mbao, kamba na vyuma chakavu wajenge watakacho, kwa sababu alikuwa ameona kwamba watoto walifurahia kucheza kwenye maeneo ya ujenzi kuliko kwenye viwanja alivyokuwa amewachorea. Lady Allen wa Hurtwood, mbunifu wa bustani wa Uingereza, alilichukua wazo hilo na kulipeleka kwao. Silipingi hata kidogo. Ila uwanja wa Emdrup ulikuwa na mtu mzima wa kuusimamia, na changamoto ya mtoto wa miaka 2 ni ngazi tatu, kilima kidogo, na gogo la kutembea juu yake. Hiyo kwake ni milima.

Jambo ambalo halionekani kwenye picha hata siku moja ni mlezi. Mtoto mdogo hakai uwanjani peke yake, anakaa na mtu, na muda wa mchezo wake ni sawasawa na muda ambao mtu huyo anaweza kuvumilia. Je, kuna benchi, na je, ukikaa hapo unaona uwanja wote, au kuna mnara unaomficha mtoto? Kuna kivuli saa ile mnayokuja? Mti uliopo upande usiofaa saa kumi jioni haukusaidii. Kuna choo kilicho wazi, mahali pa kubadilisha nepi, maji ya kunawa? Bibi mwenye magoti mabovu anaweza kufika mpaka kwenye mchanga? Na uzio: mwenye watoto wawili wanaokimbia pande mbili tofauti anajua kwamba uzio wenye lango linalojifunga una thamani kuliko mitelezo mitano, hasa kama kuna barabara au maji karibu.

Halafu kuna umbali, na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na orodha zote za viwanja bora. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema watoto wa mwaka 1 hadi 4 wanahitaji angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku. Kila siku. Hakuna familia inayoweza kusafiri kila siku kwenda kwenye uwanja wa ajabu ulio upande wa pili wa mji, mtoto akalala njiani kwenda na akalia njiani kurudi. Uwanja mdogo unaofikiwa kwa miguu, wenye mchanga, mti na vitu viwili vya kupanda, utamlea mtoto kuliko huo wa ajabu unaotembelewa mara moja kwa msimu. Amsterdam walilielewa hilo mapema. Kuanzia mwaka 1947, mbunifu majengo Aldo van Eyck aliichorea idara ya mipango ya jiji viwanja vidogo katika pembe za mitaa na nafasi zilizoachwa wazi kati ya nyumba: shimo la mchanga, vyuma vya kuning'inia, mawe ya kurukia. Mpaka kufikia mwaka 1978 vilikuwa vimezidi 700. Hakuna kimoja kilichokuwa kivutio cha watalii. Vilikuwa karibu na mlango wa mtu, na wakazi walikuwa wakiiandikia ofisi ya jiji barua kuomba na mtaa wao upewe.

Kwa hiyo anza kutafuta kwa kutembea. Chora duara la mwendo wa dakika kumi, mwendo wa mtoto na si wako, na upite mitaa usiyopita. Ramani huria ya OpenStreetMap ina alama za viwanja vya kuchezea ambavyo mara nyingi havina jina wala picha, na picha za kutoka angani zitakuonyesha miti iko upande gani. Waulize wanaosukuma vigari vya watoto, si wanaopiga picha. Nenda mara ya kwanza bila mtoto, saa ileile mtakayokuwa mnakwenda, kwa sababu uwanja mtulivu wa asubuhi unaweza kuwa wa vijana wenye mpira ifikapo jioni. Ukikuta mahali pazuri pasipo na kifaa hata kimoja, penye mteremko wa nyasi na vijiti, usipadharau.

Haki ya mtoto kucheza imeandikwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na mwaka 2013 Kamati ya mkataba huo ikatoa ufafanuzi mzima kuhusu kifungu hicho, maarufu kama Maoni ya Jumla Namba 17. Haki hiyo ni ya mtoto wa miezi 10 pia, na ni ya mtoto anayetembelea kiti cha magurudumu. Hapo pana ugumu wa kweli, kwa sababu mchanga ninaousifu huzamisha magurudumu. Unaweza kutatuliwa kwa njia ngumu ya kufika kwenye kila kifaa, kwa sakafu ya mpira sehemu muhimu, na kwa meza ya mchanga iliyoinuliwa ili mtoto aingize mikono akiwa amekaa. Mambo haya huamuliwa kwenye michoro, kabla zege halijamwagwa, na mara nyingi ofisi zinazosimamia bustani hukaribisha maoni ya wakazi wakati huo. Mkisikia eneo lenu linapangiwa uwanja mpya, nendeni mkaombe kuona mchoro. Ulizeni chini ya kila kifaa kutawekwa nini, kina chake kitakuwa sentimita ngapi, na nani atalipwa kuujaza mchanga upya.