Chauk ya Wawarli: mchoro umebaki, wachoraji wake je?

Vile vijitu vyeupe vya pembetatu vinavyocheza duara bila shaka umeviona, kwenye mkoba, kwenye kikombe, kwenye ukuta wa hoteli. Ni vya Wawarli, watu wa Palghar huko Maharashtra, India, na wengi wanasema soko ndo limeokoa sanaa yao. Sikatai. Kwa familia yenye kashamba kadogo hela ya mchoro ni chakula, na asiyelala njaa asimlaumu anayeuza.

Ila wale wanaolalamikia biashara hiyo huwa hawasikilizwi, wanaonekana watu wa kung'ang'ania ya kale tu. Hoja yao ni hii: chauk, ule mchoro wa mraba wenye mungu wa kike Palghat katikati, ni sehemu ya ndoa yenyewe, bila hiyo ndoa haifungwi. Na waliokuwa wanaichora ni akina mama walioolewa na waume zao wako hai, wanaitwa suvasini, wanasaga mchele wanachanganya na maji na gundi, wanatafuna ncha ya kijiti cha mwanzi kama mswaki halafu wanachora juu ya ukuta wa udongo mwekundu huku nyimbo zinaimbwa. Mjane alikuwa haruhusiwi, na hilo kwangu ni doa kubwa la mila hiyo, siwezi kulifumbia macho.

Sasa miaka ya 1970 karatasi ikaingia, na wanaume nao wakaanza kuchora. Jivya Soma Mashe akapata sifa dunia nzima, akapewa Padma Shri, tuzo ya heshima ya serikali ya India, 2011, na alistahili kabisa, mkono wake ulikuwa wa ajabu. Lakini hebu fikiria, kazi iliyokuwa ya wanawake, ikageuka hela, na jina kubwa kuliko yote likawa la mwanaume! Hapo ndo huwa nakwama kila nikiisoma habari hii.

Mtu atasema soko ndivyo lilivyo. Mbona Mithila, kule jimbo la Bihar, India hiyohiyo, haikuwa hivyo? Nako wanawake walikuwa wanachora kohbar, chumba cha maharusi, ikaja ile njaa ya 1966 na 1967, wakapewa karatasi wao wenyewe wachore wauze, na 1975 mmoja wao, mama Jagdamba Devi, akapewa Padma Shri. Karatasi ni ileile na hela ni ileile, tofauti ni nani alikabidhiwa kwanza. Kwa hiyo kwa Wawarli pia bado inawezekana, anayenunua chauk ya kutundika sebuleni aanze kwa kuuliza jina la mama aliyeichora.