Kinachotuumiza wapangaji wa Dar ni kodi ya miezi sita

Nikisikia mtu anasema vijana wa Dar es Salaam hawajui kuweka akiba, huwa najiuliza kama amewahi kutafuta chumba hapa mjini miaka ya karibuni. Mpangaji wa Dar anaweka akiba kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Anaiweka kila mwezi, kwa lazima, anajinyima nauli na mboga, na ikifika miezi sita anaichukua yote anamkabidhi mwenye nyumba, kisha anaanza tena kutoka sifuri.

Tupige hesabu. Chukua chumba na sebule, choo ndani, tuseme Tabata au Kimara, kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mtumishi wa umma tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000 kabla ya makato. Kwa mtu wa mshahara huo, 150,000 inauma lakini inalipika. Angeitoa mwisho wa mwezi na bado watoto wakala. Ila hakuna anayemwomba 150,000. Anaombwa 900,000 ya miezi sita, na 150,000 nyingine ya dalali, jumla 1,050,000, na aitoe kabla hajaingiza hata godoro. Mwenye nyumba akisema anataka ya mwaka, jumla inakuwa 1,950,000. Huyo ni mtu mwenye ajira ya serikali. Mama lishe, dereva wa bodaboda, binti wa dukani Kariakoo anayelipwa kwa siku, hao sijui tuwahesabie vipi.

Hela hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye kikoba, kwa kaka, kwenye mkopo wa simu, na mara nyingi mno kwenye ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa tunayoiita kausha damu. Kwa hiyo mtu anayekwambia anaishi chumba cha 150,000 huenda kwa mwezi anatoa zaidi ya hapo, kwa sababu riba ya mkopo wa kodi nayo ni kodi, tofauti ni kwamba inaenda kwa mtu mwingine. Ndiyo maana nasema mjadala wetu wa nyumba umekaa vibaya. Tunabishana kama kodi ni kubwa au ndogo, wakati kinachomvunja mtu mgongo ni kulipishwa kwa mkupuo.

Na mwenye nyumba hana sababu ya kulegeza. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni zaidi ya watu milioni moja walioongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mmoja anahitaji mahali pa kulala. Wengi wanataka papo hapo panapofikika kazini bila kupanda magari matatu. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, chumba kilicho karibu na kituo kinatangazwa kwa sifa hiyo, na bei inaifuata sifa. Chumba kizuri kikitangazwa asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la madalali, mchana unaambiwa kimeshachukuliwa. Ukitaka kujadiliana kuhusu miezi, nyuma yako wapo watu watano walioshika hela mkononi.

Hapo nimsemee dalali, maana huyu tunamlalamikia bila kutazama kazi yake inavyokwenda. Dalali wa Dar analipwa na mpangaji, kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo anachukua hela ya kuonyeshwa, elfu kumi, elfu ishirini, hata kama chumba ulichoonyeshwa hakifanani hata kidogo na kile cha kwenye picha. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Kipato chake kinatokana na watu kuhama. Mpangaji akikaa miaka mitano kwenye nyumba moja kwa amani, dalali amekula mara moja tu. Akihama kila mwaka, dalali amekula mara tano. Na kodi ikipanda, ujira wake unapanda nayo. Kwa hiyo anakwenda kwa mama mwenye nyumba anamwambia: "Mama, chumba hiki unakitoa kwa bei ya kutupa, nina mtu wa laki mbili." Nimeishi kwenye nyumba iliyopandishwa kodi namna hiyo. Hakikurekebishwa kitu. Bomba lilikuwa lilelile linalotoa maji usiku wa manane, mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa ileile tunayogombea watu wanne. Kilichobadilika ni kwamba mtu alipita akasema bei.

Pamoja na yote hayo, sitaki kumchora mwenye nyumba kama adui. Wengi wao si matajiri. Ni mwalimu mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo, ni mjane aliyeachiwa vyumba sita, ni mtu aliyenunua saruji mfuko mmoja mmoja kwa miaka kumi na mbili bila mkopo wa benki. Kwa mtu huyo kodi ya mwezi haimsaidii kulipa ada ya shule ya Januari wala kupaua nyumba ya pili; inaliwa ikaisha. Halafu anaogopa, na hofu yake ina msingi. Mpangaji akigoma kulipa, njia halali ya kumtoa ni kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko shauri linaweza kuchukua muda mrefu wakati mtu anaendelea kulala bure. Miezi sita kwa mkupuo ndiyo bima yake. Tukitaka aiache, lazima apewe bima nyingine, la sivyo tutakuwa tunapiga kelele tu.

Nchi hii iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilitungwa mwaka 1984, ikiwa na baraza lake la kusikiliza ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba, na ikafutwa mwaka 2005. Sheria ile ilikuwa na kasoro zake, sitetei kila kifungu. Wawekezaji walilalamika kwamba inawavunja moyo kujenga, na hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini ilipofutwa hatukuweka kitu cha maana mahali pake kwa mtu wa chumba kimoja. Tulibaki na Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo inazungumzia upangaji kwa lugha ya mikataba mikubwa, huku mamilioni ya watu wakipanga kwa daftari la risiti, kwa karatasi ya mwenyekiti wa mtaa, au kwa maneno matupu. Mara kwa mara viongozi wameahidi kwamba kodi ya miezi sita itapigwa marufuku, tunashangilia wiki moja, kisha kimya.

Serikali inapotaka kuuona mkono wa mpangaji, inauona vizuri. Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Kodi ile ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anayekatwa ni yeye, na tukaambiwa tuelewane wenyewe na wenye nyumba turudishiwe. Nani ameenda kumdai baba mwenye nyumba elfu moja na mia tano yake? Fedha ni ndogo, ila inaonyesha tumewekwa wapi.

Ushauri tunaopewa kila siku ni mmoja: acha kupanga, jenga. Unatolewa na wajomba, wachungaji, masheikh, watu wa mitandaoni, kila mtu. Nauheshimu, kwa sababu kujenga kumewaokoa wengi, na kuna heshima kubwa katika kulala chini ya bati lako. Ila tuangalie unatupeleka wapi. Kiwanja ambacho kijana wa kawaida anakimudu leo hakipo Sinza wala Tabata. Kiko Chanika ndani, Mbagala mwisho na kuendelea hadi Vikindu, Mapinga, Kisarawe. Unanunua shamba la mtu lililokatwa vipande, unasainiana kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, barabara itakuja siku ikija. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji huu uliwahi kuwa na mradi wa viwanja 20,000, ukapima Bunju, Mbweni, Tuangoma, Buyuni na kwingineko. Leo maeneo mengi ya mradi ule ni mitaa yenye barabara na mipaka inayojulikana. Hiyo kasi haikuendelea, na mji umeenda mbele ya wapimaji. Sehemu kubwa ya Dar inaishi kwenye makazi ambayo hayakupangwa, kisha tunakuja kurasimisha baadaye, nyumba kwa nyumba, kwa michango ya wenyewe.

Na aliyejenga Chanika bado kazi yake iko Posta. Anatoka saa kumi alfajiri, anarudi saa tatu usiku, watoto anawaona Jumapili. Wapo niliowaona wamemaliza nyumba huko mbali wakaipangisha kwa bei ndogo, wenyewe wakarudi kupanga Buguruni ili wawahi kazini. Hao wamejenga, na bado ni wapangaji. Kwa hiyo kumwambia mtu ajenge si jibu la swali la kodi.

Benki je? Tulipata Sheria ya Mikopo ya Nyumba mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu ili zikopeshe wanunuzi wa nyumba. Ni kazi nzuri, muda wa kulipa umerefuka hadi miaka ishirini na zaidi. Lakini mikopo yote ya nyumba nchini ikijumlishwa haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Ukichukua shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 20, unalipa karibu shilingi 700,000 kila mwezi, na mwisho wa safari umelipa kama milioni 167. Nyumba ya milioni 50 ndani ya mji huu, yenye hati, mnitafutie mnionyeshe. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, linajenga maghorofa Kawe na Morocco, mazuri kabisa, lakini anayeyanunua si yule binti wa Kariakoo. Kule Kigamboni mradi wa Dege, wa maelfu ya nyumba, ulikaa miaka na miaka ukiwa magofu ya zege yanayotazama bahari. Kila nikiyatazama huwa nawaza ni familia ngapi zingekuwa zimeshakaa humo kama tungeanza na vyumba viwili vya mtu wa kawaida badala ya mji wa ndoto.

Mfano unaonipa moyo uko Magomeni Kota. Wakazi wa nyumba zile za zamani waliondolewa, wakasota miaka mingi, kisha yakajengwa maghorofa ya kaya 644 mahali palepale, yakafunguliwa Machi 2022, na waliorudi ni wao. Katikati ya mji, karibu na kituo cha mabasi. Kwa hiyo uwezo wa kujenga nyumba za watu wa kawaida mahali watu wanapofanyia kazi upo, tatizo ni kwamba tumefanya hivyo mara moja moja mno.

Wakati tunasubiri majengo, kuna jambo ambalo halihitaji tofali hata moja. Majirani zetu wa Nairobi na Mombasa wana shida zao nyingi za nyumba, wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya mpango wa nyumba za gharama nafuu na wanaulalamikia sana. Lakini mpangaji wa kule kwa kawaida analipa mwezi kwa mwezi, akiwa ameweka amana ya mwezi mmoja, ambayo anarudishiwa akihama bila deni wala uharibifu. Wenye nyumba wa Nairobi hawakufa njaa. Amana ndiyo bima yao.

Ninachotaka kutoka bungeni ni sheria fupi ya upangaji wa makazi. Kodi ilipwe kwa mwezi, au kwa miezi mitatu kwa wanaokubaliana, na amana isiyozidi mwezi mmoja. Mkataba wa maandishi wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaopatikana bure ofisi ya serikali ya mtaa. Kodi isipandishwe katikati ya mkataba wala bila notisi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba naye apate haki yake: mpangaji asiyelipa miezi miwili shauri lake lisikilizwe na kuamuliwa ndani ya siku 30, asizungushwe. Na dalali asajiliwe, asitoze hela ya kuonyeshwa, na ujira wake alipwe na mwenye nyumba, maana ndiye anayemtafutia mteja. Wenye nyumba wataniambia watauongeza huo ujira kwenye kodi. Wauongeze. Laki na nusu ikigawanywa kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 12,500 kwa mwezi, na hiyo binti wa Kariakoo anaweza kuilipa bila kwenda kausha damu.