Kabla hujaagiza gita nje, piga hesabu mpaka mlangoni

Kila mwanamuziki ana ile tabia, usiku umetulia anafungua tovuti za maduka ya Ujerumani au Marekani, anacheki bei ya ile kitu anayoitamani, anakuta iko chini sana kuliko dukani kwao, basi anaanza kulalamika kwamba wenye maduka wa kwao ni wezi. Mimi siwatetei wenye maduka, wengine kweli wanatukamua, ila mara nyingi tunalinganisha kitu kilichokaa stoo huko Bavaria, Ujerumani, na kitu ambacho kimeshasafiri, kimeshalipiwa ushuru na kiko kaunta unaweza kukishika. Kuagiza nje kunaokoa hela, tena hela ya maana, lakini kwa baadhi ya vitu tu, na vingine unajitafutia presha bure.

Tuanze na kitu ambacho kinasaidia na wengi hawakijui. Bei za Ulaya unazoziona mtandaoni zina VAT ndani yake, Ujerumani ni asilimia 19. Ukiwa unaishi nje ya Umoja wa Ulaya duka kama Thomann likishajua mzigo unaenda wapi linaitoa hiyo kodi, kwa hiyo kifaa cha yuro 500 kinashuka mpaka kama 420. Marekani hakuna cha kutoa kwa sababu bei wanayoionyesha kwa kawaida haijabeba kodi ya mauzo, yaani ile unayoiona ndiyo hiyo hiyo. Sasa chukua hiyo 420, weka usafiri na bima tuseme 100, umefika 520. Ushuru wa forodha katika nchi nyingi haupigwi kwenye bei ya kifaa peke yake, unapigwa kwenye jumla hiyo yote pamoja na usafiri, halafu VAT ya kwenu inapigwa juu ya jumla PLUS ushuru. Kwa namba za kushikia tu, ushuru asilimia 10 na VAT asilimia 18, unaishia karibu 675. Na hapo bado wakala wa forodha hajadai chake na kampuni ya usafirishaji haijakuandikia ada yake ya kushughulikia makaratasi, ambayo kwenye mzigo mdogo inaweza kuuma kuliko ushuru wenyewe. Kama dukani kwenu kinauzwa 700, je, bado ni dili? Kwangu hapana.

Halafu uliza mapema mzigo wako utaingia kundi gani. Magita, vinanda na ngoma viko sura ya 92 ya vitabu vya forodha, lakini spika, maiki na amplifaya ziko sura ya 85 pamoja na vitu vingine vya umeme, na viwango vyake si lazima vifanane. Kuna wauzaji wanakuuliza kabisa wakuandikie thamani ndogo kwenye ankara. Mimi nakataa, na siyo utakatifu, ni kwamba mzigo ukipotea bima inalipa kile kilichoandikwa, na forodha wakiamua kutafuta bei halisi mtandaoni dakika mbili nyingi.

Sasa kitu kinachoua dili nyingi ni ukubwa wa boksi, wala siyo uzito. Kampuni za ndege na kuria wanapima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wengi wanagawanya kwa 5000, wakipata namba kubwa kuliko kilo za kwenye mizani wanakutoza hiyo kubwa. Kibodi ya funguo 88 kwenye boksi la sentimita 150 kwa 45 kwa 30 inatoka kilo 40 na nusu hata kama mizani inasema 20. Spika tupu na ngoma ndiyo usiseme, unalipia hewa kusafiri kwa ndege. Pedali ya gita, kile kiboksi cha kukanyaga cha kubadilisha sauti, kwenye boksi la 20 kwa 15 kwa 10 haifiki hata kilo moja! Ndiyo maana msimamo wangu uko hivi, vitu vidogo vya bei kubwa agiza bila wasiwasi, pedali, maiki za studio, intafesi za sauti (viboksi vya kuunganisha maiki au gita na kompyuta), pikapu za gita (zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi), midomo ya saksafoni, hata pakiti za nyuzi ukiagiza nyingi kwa pamoja. Ila subwoofer (spika kubwa za besi) na seti za ngoma nunua pale unapoishi au zije kwa meli na mzigo wa wengine, na kama una haraka basi hiyo haraka ndiyo utakayoilipia.

Umeme nao. Marekani ni volti 120, Japani 100, Ulaya 230. Vifaa vingi vya siku hizi vina adapta iliyoandikwa 100-240, hivyo havina shida, unabadilisha waya wa ukutani tu. Shida iko kwenye amplifaya za taa, zile za valvu za kioo, na vifaa vya zamani vyenye transfoma nzito ndani, hivyo geuza nyuma usome kibandiko, au muuzaji akupigie picha ya hicho kibandiko kabla hujalipa, maana neno "inafanya kazi" analoandika yeye ni kwa umeme wa kwake. Utaambiwa nunua transfoma ya kushushia na mara nyingi inatosha, ila inashusha volti tu, haigusi hertz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Chukua organi za Hammond za zamani za Marekani zile zenye magurudumu ya sauti ndani, mota yake inafuata hertz za umeme, ukiichomeka kwenye hertz 50 wakati imetengenezewa 60 inazunguka taratibu na kinanda chote kinashuka karibu nusu-toni tatu. Unapiga C inalia kama A. Kuna ufumbuzi, lakini ni wa fundi na una gharama zake, na ile hesabu ya mlangoni haikuwa nao.

Maiki zisizo na waya ziangalie mara mbili. Masafa yanayoruhusiwa yanatofautiana nchi na nchi, na Marekani yenyewe ilizifungia sehemu kubwa ya 600 MHz tangu Julai 2020, kwa hiyo ukiona seti iliyotumika ya masafa hayo inauzwa rahisi, usishangae sana. Na kama ni Shure SM58, hiyo ni kati ya maiki zinazotengenezewa feki kuliko zote, nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa au achana nayo.

Waranti ndiyo watu wanaidharau kuliko vyote. Kampuni nyingi zinaihesabu kwa nchi uliyonunulia, kwa hiyo kibodi ikianza kukwama funguo mwezi wa nne utaambiwa uirudishe ilikotoka, kwa gharama zako, na ikirudi forodha wanaweza kukudai tena kama hukuandikisha kwamba imetoka kwa matengenezo. Mimi kwa kitu chenye mota, skrini au funguo nyingi naiwekea waranti thamani, tuseme asilimia 15 ya bei. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo nanunua kwa duka la karibu na risiti naitunza. Pedali ya chuma yenye swichi moja? Hiyo sihitaji waranti, fundi yeyote anayejua kushika chuma cha kulehemu anaitengeneza.

Gita la akustiki ndilo bado linanisumbua. Unaweza kupata ofa kali, lakini mbao zinataka unyevu wa kati kama asilimia 45 hadi 55, na hujui limepita kwenye stoo gani njiani, na magita mawili ya modeli moja hayalii sawa, sasa unachagua vipi kwa picha? Alafu kuna mambo ya miti. Mwaka 2017 mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliweka karibu ukoo mzima wa Dalbergia kwenye udhibiti, ndugu wa mpingo na mpingo wenyewe unaotengenezewa klarineti, watu wakawa wanahangaika na vibali. Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaachiwa, ila Dalbergia nigra, ndiyo ile rosewood ya Brazili, haikuachiwa, hiyo imefungwa tangu 1992. Kwa hiyo muuzaji wa gita la zamani akikusifia kwamba mgongo ni rosewood ya Brazili, muulize kwanza karatasi za CITES ziko wapi, na kama anaanza kuzunguka zunguka, funga hiyo tovuti ukalale.